Kifurushi cha Tanga kwa ndege ndogo: ndege poa, mkonge umenikosha, ratiba hovyo

Kwa wale wanaouliza kuhusu kile kifurushi cha wikendi cha Tanga kwa ndege ndogo, kile chenye bango la propela na sahani ya samaki linalozunguka kwenye magrupu ya wasapu, mi nimeenda na nimerudi, nawapa kama ilivyo. Ndege inalipa. Shamba la mkonge linalipa kuliko hata ndege. Chakula cha Tanga hakihitaji wakili. Ila ratiba aisee, ratiba imepangwa na mtu ambae nina wasiwasi hajawahi kuamka Tanga asubuhi hata siku moja, maana kila kitu kizuri cha ule mji kina saa yake na wao walitupeleka kila mahali saa ambayo sio yake. Jina la waandaaji silitaji, wenyewe wakisoma watajijua, na kiukweli sio wao tu, karibu kila anaeuza safari za namna hii anaanza na muda wa ndege halafu viwanda na msosi vinachomekwa panapobaki uwazi. Inatakiwa iwe kinyume chake, na ndo maana nimeamua kuandika marefu.

Kilichomo: ndege kwenda na kurudi kutoka Dar, hoteli usiku mmoja na chai, Coaster ya kutuzungusha, ziara ya shamba la mkonge na kiwanda chake, kiwanda cha maziwa, mapango ya Amboni, na kitu wamekiita "vituo vya vyakula vya asili". Tulilipa zaidi kidogo ya milioni kwa kichwa. Sasa mtu atasema basi la Tanga nauli haifiki hata elfu thelathini, ni kweli, na kilomita ni kama 350 tu kwa njia ya Chalinze na Segera, lakini hizo kilomita ni masaa matano mpaka sita, na ukikutana na malori ya kuanzia Kibaha usihesabu tena. Kwa mtu mwenye wikendi moja ndege inakupa asubuhi nzima ya ziada. Tatizo hiyo asubuhi yenyewe wao waliitupa, ntafika huko.

Tuliondokea Terminal One pale Dar, ile ya zamani, ndo maskani ya ndege ndogo. Ndege ni Cessna Caravan, injini moja mbele, abiria kumi na kitu, mabawa yako juu ya madirisha kwa hiyo hakuna kinachokuziba kuangalia chini. Wanaoogopa injini moja watulie, hizi ndo zinazobeba watalii kila siku kwenda Serengeti na kutua kwenye viwanja vya vumbi. Begi mwisho kilo 15, na hizo ni pamoja na la mkononi, na liwe begi laini, sanduku la magurudumu liache nyumbani maana mizigo inawekwa kwenye uvungu chini ya tumbo la ndege na kitu kigumu hakikunjiki. Halafu wanakupima na wewe mwenyewe. Mama mdogo wangu alipoambiwa apande kwenye mzani mbele za watu akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema "mwanangu, mi nimekuja kusafiri sijaja kliniki", foleni nzima kicheko. Yule kijana akamjibu kwa adabu tu, "samahani mama, rubani anataka ajue uzito aupange wapi". Na ndo hivo, kwenye ndege ya ukubwa ule watu wazito wakirundikana nyuma ndege inakuwa mkia mzito, kwa hiyo siti unapangiwa, sio suala la nani kawahi.

Ila ukipata upenyo wa kuomba, omba kushoto wakati wa kwenda. Yetu ilipitia Zanzibar ikashusha na kupakia halafu ikakata kwenda Tanga, na upande wa kushoto ndo kuna pwani yote. Unauona mdomo wa mto Pangani, maji ya kahawia yanaingia kwenye bahari ya bluu na mpaka wake unaonekana kabisa, nje kidogo kuna Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mtupu ambacho maji yakijaa kinazama. Halafu yanaanza mashamba ya mkonge, na hapa niseme ukweli mi nimepita barabara ya Segera mara nyingi na sijawahi kuyaelewa mpaka nilipoyaona kwa juu, mistari imenyooka kama kichwa kilichosukwa twende kilioni, inaisha hapa inaanza kule, na katikati kuna paa la bati la kiwanda na vyumba vya wafanyakazi. Mwisho ndege inazunguka juu ya ghuba, unaona kisiwa cha Toten, gati la bandari, na ng'ambo ya kaskazini Chongoleani, pale linapoishia lile bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443. Rubani alikuwa anatuonyesha kwa kidole, maana hakuna mlango kati yake na abiria. Kwa ndege sina neno, walifika kwa wakati, walieleza kila kitu.

Kiwanja cha Tanga kiko karibu na mji, bajaji dakika chache tu upo Ngamiani. Tumetua saa nne na ushee asubuhi, jua safi, njaa inauma, unajua umefika mji wa watu wanaojua kupika. Wakatupeleka wapi? Hotelini. Tukakaa kusubiri vyumba mpaka saa saba, halafu mezani zikaja chipsi, kuku wa kukaanga na makaroni. Mi na shemeji tukaangaliana. Mama mdogo, ambae kazaliwa Korogwe na hajaona haya na mtu tangu azaliwe, akasukuma sahani akamwambia yule dada wa waandaaji, "mwanangu, chipsi hata Mbagala zipo", akachukua mkoba akatoka nje kutafuta bajaji. Tukamfuata. Hapa ndo safari yetu ilipoanza hasa.

Ngamiani kwa asiyejua ni ule mtaa wa barabara za namba, barabara ya ngapi na ngapi, baiskeli zinapita kila upande, na ukimwambia dereva bajaji tu "tupeleke penye bada" hakuulizi swali la pili. Tulifika kibanda kimoja cha makuti hakina hata bango, mabenchi mawili, masufuria matatu makubwa na mama mmoja ana mwiko unaotosha kupiga kasia. Akatuangalia viatu. Akasema, "mwataka bada kweli nyie, ama mwataka wali mwaona haya?" Mama mdogo akamwambia bada dada yangu, na papa awepo. Basi yule mama akageuka mwingine kabisa, akaanza kutuita wanangu.

Kwa ambao hawajawahi: bada ni ugali wa unga wa muhogo, muhogo unamenywa, unakaushwa juani mpaka unakuwa makopa, unatwangwa au kusagwa. Ukisongwa unakuwa na rangi ya kijivu hivi na unateleza na unavutika, mtu aliyezoea sembe anadhani umekosewa. Yule mama anachovya upawa kwenye maji, anakata bonge, analizungusha kwenye sahani mpaka linakuwa duara linang'aa, halafu anamwagia pembeni mchuzi wa nazi wa papa mkavu. Papa kalowekwa na kuchemshwa kwanza chumvi ipungue, ndo akaingia kwenye tui, na bamia pembeni na pilipili ya kusaga yenye ndimu. Hautafuni bada, unaikata kwa vidole, unachovya, unameza. Shemeji ni mtu wa Moshi, alikula la kwanza kwa heshima ya wakwe, la pili akaomba mwenyewe. Watu wanne tulishiba na kunywa maji na hela haikufika ile waliyotukata kwenye kifurushi kwa sahani moja ya chipsi, najua kwa sababu niliomba mchanganuo baadae na wakanitumia.

Na ukienda bada nenda kabla ya saa nane. Saa nane masufuria yanaoshwa. Ndo maana nasema Tanga inakwenda kwa saa: asubuhi ni mbaazi za nazi na maandazi, vitumbua, supu na chapati, na mpaka saa nne vizuri vimeisha. Mchana wali wa nazi, bada, samaki wa kupaka. Alasiri kunakuwa kimya, kila mtu kalala au yuko barazani. Jioni ndo mji unafufuka. Sasa wewe ukitua saa nne ukaenda hotelini mpaka saa saba ujue umeshapoteza milo miwili ambayo ndo uliifuata. Msemo wa waja leo waondoka leo hawa jamaa wameuchukua wakaufanya ratiba.

Baada ya hapo shamba la mkonge. Tukapakiwa kwenye Coaster saa nane na nusu kwenda shamba moja njia ya Muheza, mnapita Pongwe, kushoto na kulia vumbi la chokaa na malori ya saruji, pale ndo Simba Cement wapo. Tunafika shambani, kimya. Mashine imezimwa. Msimamizi, kaka mmoja mstaarabu sana, akatuangalia kwa huruma, akasema jamani korona (ndo wanavyoiita mashine ya kuparura majani ya mkonge) inaanza asubuhi na mapema, majani ya leo yameshaisha, labda niwaonyeshe ilipo. Tukaonyeshwa mashine imelala. Watu kwenye kundi wakaanza kununa, dada wa waandaaji anapiga simu kila mahali. Aliyeokoa jahazi ni dereva wa Coaster, mwenyeji wa pale pale, akazungumza na msimamizi pembeni, wakakubaliana kesho alfajiri saa kumi na mbili tuwepo, kwa maana hiyo mapango ya Amboni ya kesho asubuhi yanakufa. Kura zikapigwa ndani ya gari na korona ikashinda, ingawa wawili hawakufurahi na wana haki.

Jioni kidogo tu niseme: pweza. Nenda ufukweni au kwenye vichochoro vya Ngamiani magharibi ikishaingia, utaona meza ndogo ina taa, pweza mzima kachemshwa mwekundu kalala juu, anakatiwa vipande, unachomeka kijiti unachovya kwenye pilipili na ndimu, kipande kuanzia mia tano, na supu yake kwenye kikombe. Mihogo ya kukaanga na chachandu. Halafu kahawa chungu na kashata ya karanga barazani kwa wazee wanaocheza bao, ukitulia utasikia habari za mji zote toka kiwanda cha mbolea kilipokuwepo mpaka nani kaoa juzi. Hii haikuwemo kwenye kifurushi. Kwenye ratiba jioni iliandikwa "muda wa mapumziko hotelini".

Kesho yake saa kumi na mbili tuko shambani, bado ukungu, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Wakataji walikuwa wameshaingia tangu kiza, maana jua likipanda kazi ya mkonge haifanyiki. Kila jani lina mwiba nchani, mkataji analifyeka chini, anaondoa ncha, anafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, na mafungu yanapangwa pembeni mwa barabara ya shamba trekta lipite kuyabeba. Jani lenyewe zito kuliko linavyoonekana, limejaa maji, na utomvu wake unawasha. Waandaaji hawakumwambia mtu yeyote avae mikono mirefu na viatu vya kufunika, kuna dada alikuja na kandambili za kumetameta akaishia kubaki kwenye gari. Nyie mjue.

Korona yenyewe ni jumba refu lenye mkanda. Upande mmoja wanaume wanafungua mafungu na kuyalaza majani kwenye mkanda kwa mikono, haraka haraka, hakuna kupumzika maana mkanda hausimami. Majani yanaingia yamelala, magurudumu ya ndani yenye meno butu yanayaponda na kuyaparura, maji yanamwagwa muda wote, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi zenyewe, ndefu, nyeupe zenye ukijani wa mbali, zinaning'inia zinachuruzika. Kelele zake huwezi kuongea, mnaonyeshana kwa mikono. Harufu ni ya kitu kibichi kinachoanza kuchacha. Chini panateleza. Na mfereji wa mabaki unatoka nyuma kama mto wa kijani, kwa sababu katika kila kilo mia za majani zinazoingia unapata kama kilo nne tu za nyuzi, iliyobaki yote ni maji na makapi. Zamani makapi yote yalikuwa yanatupwa tu, pale Hale kuna mtambo waliojenga wa kuyageuza biogesi ya kuzalisha umeme.

Nilimuuliza mzee mmoja anaesimamia mkanda, kelele zilipopungua wakati wanabadilisha zamu, kwanini wasianze saa mbili kama watu wengine. Akasema "mwanangu, jani likishakatwa halisubiri. Likinyauka singa haitoki safi, utaikosa bei kwenye daraja". Babu yake alikuja kama manamba kutoka Kigoma na hawakurudi tena, yeye kazaliwa kwenye kambi ya shamba na watoto wake wamesoma kwa mkonge. Halafu akaniambia la Hindorf, ambalo nilishalisikia shule ila nilikuwa sijalichukulia maanani: yule Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, njiani ikafa karibu yote, iliyofika Tanga hai ni 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kilimo chote hiki cha mkonge nilichokiona toka angani kilianzia kwenye ile 62. Mwaka 1964 nchi ilitoa kama tani 230,000, hakuna nchi iliyotukuta, halafu nailoni ikaingia bei ikaanguka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na mpaka leo haijarudi hata nusu ya hiyo.

Singa zinabebwa kwenda uwanja wa nyaya, kina mama wanazitandaza juani kama wanaanika nguo, zikikauka zinakuwa nyeupe kabisa. Ndani kuna mashine za brashi zinazozichana, humo kuna vumbi omba barakoa, halafu zinapangwa madaraja, mi nilizoea daraja la kwanza na la pili kumbe kuna 3L, kuna UG na mengine. Dada anaepanga anashika fungu mkono mmoja analipiga chini mara moja analiangalia urefu na rangi, sekunde mbili, kaliweka kwenye rundo lake. Nilijaribu kukisia kabla yake na nikawa nakosa tu. Mwisho ni presi, marobota ya kilo 250, yanaandikwa, yanasubiri lori. Nikauliza yanaenda wapi siku hizi maana kamba zote tunazoona sokoni ni za plastiki, msimamizi akacheka akanyoosha kidole juu ya dari ya ofisi: ile jipsamu, ndani yake kuna katani inayoishikilia. Na mazulia, na vitambaa vya kung'arishia vyuma. Hapo nakwambia hata wale wawili waliokuwa wamenuna kwa ajili ya Amboni walikuwa wanapiga picha.

Kiingilio? Hakikuwepo rasmi, tulichangishana asante, na waandaaji walikuwa wameandika "ziara imelipiwa". Imelipiwa kwa nani sijui.

Kiwanda cha maziwa sasa. Getini mlinzi akauliza barua iko wapi. Barua hakuna. Dada wa waandaaji anasema alipiga simu. Mlinzi anasema simu sio barua, na mi namuunga mkono mlinzi, kiwanda cha chakula hawawezi kuruhusu kundi la watu kumi na kitu na viatu vya shambani waingie kwenye mashine kwa sababu mtu alipiga simu. Kwa vyovyote vile kutembelea kiwanda kunahitaji barua kwa meneja mapema, idadi ya watu, kama kuna watoto, nani anaongoza. Hii ndo kazi tuliyowalipa waandaaji na ndo kazi ambayo hawakuifanya, mi hapa nawapa sifuri bila kupepesa.

Dereva yule yule akatuokoa tena, akatupeleka kituo cha kukusanyia maziwa cha wafugaji, na kwa kweli tuliona mengi kuliko ambayo tungeona kupitia kioo cha kiwanda. Watu wanakuja na baiskeli, keni nyuma zimefungwa kwa mpira. Maziwa yanamiminwa kidogo kwenye chombo kirefu, kijana anatumbukiza laktomita inaelea, anasoma namba pale kwenye shingo yake, ikisoma kati ya 28 na 32 sawa, ikishuka chini ya hapo maana yake kuna mtu katia maji. Halafu anachanganya maziwa na spiriti kiasi sawa kwenye kikombe kidogo, anatikisa, yakiganda vibongebonge yanarudishwa, yameanza kuchacha hayatastahimili moto wa kiwandani. Mzee mmoja yalimgandia mbele yetu, hakubisha, akafunga keni yake akasema leo tutakula mtindi nyumbani. Yaliyopita yanaingia kwenye tangi la kupozea. Yote haya mwisho saa tatu, saa tatu na nusu, baada ya hapo unakuta wanaosha sakafu. Tukanunua mtindi wa Tanga Fresh na maandazi dukani jirani tukala tumesimama, na mama mdogo akasema hii ndo chai aliyokuwa anaisubiri tangu jana.

Amboni hatukuenda, ila kwa faida ya mtakaoenda, ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini njia ya kwenda Horohoro, mapango ya mawe ya chokaa, yako kumi na wageni wanaingizwa moja na muongozaji, na hadithi za Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humo wakati wa mkoloni miaka ya 1950 lazima utazisikia. Vaa viatu vya kushika, beba tochi yako. Hiki ndo kitu pekee kwenye orodha yao ambacho hakijali saa, maana ndani ni giza asubuhi na mchana, na ndo walikipa asubuhi nzima. Jamani.

Kwa hiyo kama unapanga ya kwako, au unataka kifurushi hiki hiki ila unataka kubishana nao kabla hujalipa, waambie hivi: ndege ya Ijumaa mchana au jioni, sio Jumamosi asubuhi. Lala Ijumaa, jioni hiyo hiyo pweza na kahawa. Jumamosi saa kumi na mbili korona, saa tatu maziwa, saa sita na nusu bada, mchana wa jua kali Amboni humo ndani kuna ubaridi, na ukiwa na nguvu chemchemi za maji moto za Galanos ziko upande huo huo, harufu ya salfa utaivumilia. Jumapili vitumbua na mbaazi, ndege ya asubuhi. Ndege ya asubuhi sio mapambo, sisi tulirudi saa tisa, joto limepanda, ile Caravan ilikuwa inarushwa juu inaachiwa, mama mdogo alisoma kila dua anayoijua na nyingine nadhani alitunga. Asubuhi hewa imetulia. Na epuka masika, Machi mpaka Mei, mawingu yakishuka ndege ndogo zinachelewa na shambani Coaster inakwama.

Kuna watu waliniuliza bora kukodi ndege yenu wenyewe. Kama mko kumi au kumi na mbili piga hesabu, lakini jueni mnalipia ndege sio vichwa, ikiwashusha ikarudi Dar tupu hilo tupu ni lenu, ikiwasubiri mpaka kesho rubani analala na kula kwenye bili yenu. Mkiwa wanne watano mtashawishiwa zile Cessna 206 za injini ya pistoni, nzuri, ila zinatumia avgas, petroli ya ndege, ambayo haipatikani kila kiwanja kwa hiyo lazima waje na ya kurudia, na ikija na mafuta ya kurudia begi zenu zinapungua. Kwa watu wachache ndege ya ratiba inatosha kabisa.

Nyota: ndege nne na nusu, mkonge tano, msosi tuliojitafutia tano, msosi wa kifurushi moja, waandaaji mbili na hizo mbili ni za yule dereva wa Coaster ambae nasikia wala sio mfanyakazi wao.

Na la mwisho kuhusu mzani, maana wa Tanga nao upo na hakuna aliyetukumbusha. Machungwa ya Muheza msimu ulikuwa umepamba moto, barabarani kiroba kizima kwa bei ambayo Dar unapata kimfuko, kila mtu kashusha kimoja, mama mdogo vyake vilikuwa viwili na papa mkavu juu. Kiwanjani kilo 15 ni kilo 15. Vyote vilirudi na bajaji stendi vikapakiwa kwenye basi la usiku, na yeye akataka kupanda nalo, shemeji ndo alimshika mkono.